Chungu cha Bi Zuwena

Chungu usichojua kilipo, hukifuniki. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Tulieni basi. Ilizaliwa kliniki.

Bi Zuwena alikuwa mpishi wa shughuli hapa Tanga. Harusi, maulidi, msiba, masufuria yote yake. Mwili ukamzidi, magoti yakaanza kumsaliti. Na mpishi asiyeweza kusimama mekoni, kazi imekwisha.

Akaenda hospitali ambako wanafunzi wa udaktari hujifunzia. Kila akirudi, koti jeupe jipya, wimbo ule ule: punguza wali, acha kula usiku, fanya mazoezi. Na yeye usiku hali kitu! Anakunywa chai kavu, analala. Alishachoka kusema "haya baba, haya mama" kama kasuku.

Siku moja akampata mwanafunzi aitwaye Ombeni. Kijana hata hajakaa vizuri, kaanza.

"Mama, uwe unakimbia asubuhi."

"Kwa magoti haya? Nimkimbize nani?"

"Na wali wa usiku, mama, uache kabisa."

Bi Zuwena akabeba mkoba wake. "Mimi hapa sirudi. Bora nikachuliwe na mafuta ya nazi."

Dakta Mbaruku, mwalimu wao, akamuwahi mlangoni. "Dada yangu, nakuomba, kaa kidogo." Akamgeukia kijana. "Ombeni, umemhutubia kama unagombea udiwani. Muulize!"

"Nimuulize nini, dakta?"

"Chochote! Jana kala nini!"

"Mama, samahani. Jana ulikula nini?"

"Nyumbani? Chai tu. Mchana nilikuwa na harusi Makorora."

"Na huko harusini?"

"Si nilifungua masufuria."

"Kufungua ndiyo nini?"

Bi Zuwena akamtazama kama mtoto asiyejua kunawa. "Mpishi anaanza kula yeye, wenye shughuli wanamwona. Asipokula, watasema katia kitu. Sahani ya pilau, sahani ya biriani, bakuli la mchuzi..."

Hata yeye hakuwahi kuvisikia vikipangwa hivyo. Kwake kile hakikuwa chakula, kilikuwa kiapo.

Ombeni akauliza taratibu, "Mama, ukimeza tonge moja tu kila sufuria, wakakuona, kiapo kitakuwa hakijatimia?"

Bi Zuwena akafikiri sana. "Tonge likishamezwa, limemezwa." Kisha akafoka, "Sasa mlishindwa nini kuniuliza siku zote hizo?"

Tangu siku hiyo akawa anameza tonge moja tu kila sufuria.

Haikuwa rahisi. Shangazi wa bwana harusi mmoja alinuna, akataka sahani ijae. Bi Zuwena akampa kijiko: "Onja na wewe, tufe wote." Polepole mwili ukapungua, akaweza tena kusimama mekoni mpaka wageni wanawe mikono.

Aliporudi kliniki, koti jeupe jipya likaanza: "Mama, punguza wa..."

"Ishia hapo hapo, mwanangu. Chungu usichojua kilipo, hukifuniki. Niulize kwanza."