Kibuyu Kisicho na Kokoto

Sogeeni. Anayechambua maharage aendelee kuchambua, hadithi haizuii mikono.

Kwenye mteremko mmoja wa milima ya Upare waliishi majirani watatu. Namsifu alijaliwa macho: akitazama udongo juu, anajua kilichomo chini. Mbwambo alijaliwa sauti: akipuliza pembe, hata mtu aliyenuna hutoka nje. Wa tatu ni Nakijwa. Huyo walisema hana kipaji, ana mgongo tu. Kwa mgongo huo alilea wanawe wanne, na sasa alimwinua na kumgeuza mama mkwe wake, aliyepooza upande mmoja, asubuhi, mchana na jioni.

Kijiji kiliishi kwa ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu juu ya mashamba. Usiku maji ya chemchemi hujaa, mchana hufunguliwa kwa zamu. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, na ndiva ilikuwa imejaa tope na inavuja. Wataalamu walishakuja, wakapima, wakasema watu wasubiri mradi wa ukuta mpya. Mwaka wa tatu huo watu walikuwa wakisubiri.

Namsifu akapanda akauzunguka ukuta. Akaona mahali pamoja nyasi ni mbichi wakati kwingine zimekauka. Akachimba kwa kidole, akakuta tundu la mizizi iliyooza. "Ukuta mpya wa nini?" alisema. "Leteni udongo wa kichuguu, tushindilie hapa, kisha tuzoe tope." Bila macho yake, wangechimba pasipo faida.

Mbwambo akapuliza pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira. Asubuhi hiyo walitokea watu wanne tu, kazi haikuanza.

"Posho iko wapi?" waliuliza wengine wakiwa vibarazani.

"Posho ni maji, mjinga wewe! Au utakunywa noti?" alijibu Mbwambo.

Akapita nyumba kwa nyumba, akibembeleza, akitukana, akichekesha. Bila sauti yake, tundu lingebaki tundu.

Lakini waliobaki kijijini ni wanawake, wanaume wengi wako mijini, na mwanamke hatoki na jembe akaacha mtoto anatambaa karibu na moto. Walimjibu Mbwambo hivyo mlangoni. Nakijwa alisikia, maana ukuta wake ni wa fito. Akatoka na mwiko mkononi.

"Waleteni hapa," alisema. "Mimi siendi popote. Unajua siendi."

Wakaletwa watoto kumi na mmoja. Siku ya pili wakaletwa wazee wawili wasiojiweza, kwa kuwa hata hao walikuwa na wakwe wenye majembe. Siku tisa Nakijwa alipika uji, akatenganisha ngumi, akafua nepi, akageuza wazee watatu. Siku tisa hakukanyaga shambani kwake. Wala ndiva hakuiona.

Siku ya kumi maji yalikaa.

Zamu za zamani zikarudi kwa wenyewe, na ikazaliwa zamu moja zaidi, ya mara moja kwa wiki. Kamati ikasema ni zawadi ya aliyeiokoa ndiva. Wote watatu walilima mwisho wa mfereji, pasipo na zamu, na maharage yao yalikuwa yametoa maua. Maharage yenye maua hayasubiri wiki.

"Tugawane," alisema Namsifu.

"Mfereji mkavu unakunywa kwanza," alijibu Mzee Mgonja, mwenyekiti. "Kinachobaki kinalowesha shamba moja. Ukikikata mara tatu, mtapata matope ya kuchezea watoto. Mkipokezana, wa pili atamwagilia mabua."

Wakaleta vibuyu pale ndivani. Desturi yao ni hii: kila anayefika kwenye msaragambo hudondosha kokoto moja kwa siku katika kibuyu cha nyumba yake. Cha Namsifu kilitoa kokoto tisa. Cha Mbwambo, tisa. Cha Nakijwa kilipinduliwa, kikatoa vumbi.

"Huyu hakufika," alisema karani wa kamati.

"Ningefikaje, na wanao walikuwa wakijisaidia mapajani mwangu?" alisema Nakijwa. Hata hapo alikuwa na mtoto wa karani mgongoni.

Watu wakacheka. Karani akatazama chini.

"Sawa, nisipopewa haki yangu," alisema Namsifu, "mwakani mtatafuta tundu kwa macho yenu."

"Na pembe mtapuliza wenyewe," alisema Mbwambo. "Nina wanangu wa kulisha."

Mzee Mgonja akamgeukia Nakijwa. "Na wewe, mama? Ukikosa?"

Nakijwa akafikiria kufunga mlango. Nyuma ya mlango huo yuko mama mkwe, na saa ya kumgeuza ilikuwa inakaribia. Wakimletea watoto kesho, atawarudisha waende wapi? Akatazama njia ya kwenda kwake.

"Huyo hawezi kugoma," mtu alisema huko nyuma, bila ubaya.

Mzee alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio uliomchoma mwenyewe. "Nikimnyima mwenye macho, ataondoka. Nikimnyima mwenye sauti, atanyamaza. Nikimnyima Nakijwa, kesho tutamkuta palepale. Basi niambieni, ninamlipa aliyefanya kazi au ninamlipa anayeweza kuiacha?"

Mzee akainama, akashika kwa mikono miwili kizibo cha gogo kinachozuia maji ya ndiva. Jua lilikuwa linashuka na maji yalikuwa yanasubiri. Nakijwa akamsogeza mtoto mgongoni, akafunga kanga upya. Alipaswa kuwa nyumbani.

Ninyi mliokaa hapa, kizibo kiko mikononi mwenu. Maji yanatosha shamba moja, na leo tu. Macho, sauti, au mgongo: mngemfungulia nani? Na hao wawili mtakaowanyima, kesho mtawaambia nini?