Bi Pimbi na Choa cha Mashavu

Hapo zamani za kale, watoto, kabla paka hajahamia jikoni kwa binadamu, wanyama walikuwa na mji wao, na mji ule ulikuwa na shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya vichuguu. Mwenye choa, ule ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, hutupwa humo, mkubwa kwa mdogo. Ndivyo ilivyosema sheria, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mkubwa akitupwa. Mtupaji alikuwa Fisi, tarishi wa Jumbe Nyati. Akishatupa hushuka mwenyewe, eti kuhakikisha, kisha hupanda akilamba midomo. Mnacheka? Msicheke.

Katika mji huo aliishi Bi Pimbi, mjane asiye na mtoto, mfupi wa kimo lakini akili tele. Siku moja akichuma mboga alisikia nyau! nyau! kwenye nyasi. Kumbe ni mtoto wa paka, mama yake kachukuliwa na tai, na njaa imemchora mbavu zote. Bi Pimbi akamtia kifuani, akamwita Mashavu, ingawa mashavu yenyewe hayakuwepo.

Sasa, desturi ya mji ilikuwa hivi: kila mtoto, wa kuzaliwa au wa kulelewa, lazima apokewe barazani. Huviringishwa shuka ya Jumbe, ile ile anayojifunika kila siku, kisha wakubwa humpakata mmoja baada ya mwingine. Shuka hiyo haikufuliwa kamwe. Kuifua, walisema, ni kuosha baraka. Ilikuwa inanuka, lakini nani wa kusema?

Mashavu akaviringishwa gubigubi. Jumbe Nyati akampakata. Mzee Ngiri akampakata. Fisi naye akampakata, huku akimbonyezabonyeza mbavu kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Bi Pimbi alitazama yote kwa macho yake madogo. Aliona Jumbe anajikuna chini ya nguo, kru, kru, kru. Aliona Fisi havui kofia hata mbele ya Jumbe. Akaweka moyoni.

Hazikupita siku nyingi, Mashavu akaanza kunyonyoka. Nyuma ya sikio, duara. Puani, duara. Ukingo mwekundu, katikati magamba makavu. Bi Pimbi alipoona, moyo ulimpasuka paa! Alikijua choa.

"Mama, kinawasha!"

"Usijikune, mwanangu. Ukijikuna unakihamishia kwingine."

Akamtenga chumba cha nyuma. Akampunguza manyoya kuzunguka madoa, akachemsha majani ya mwarobaini, akawa anamwosha asubuhi na jioni. Tandiko alilichemsha, akalianika jua kali. Mashavu alilia kwa ukali wa maji yale, na Bi Pimbi akalia naye, kimya kimya, majirani wasisikie.

Lakini harufu haina mlango. Jirani yake Mbweha akaja kusimama kizingitini.

"Shoga, mbona kwako kunanuka mwarobaini?"

"Ah, tumbo tu, shoga yangu. Tumbo linanisumbua."

Mbweha akainama. "Na mimi mwaka jana nilisema ni tumbo."

Mtoto wa Mbweha aliingia shimoni mwaka huo, na mji mzima ulimsikia akiita mama.

Kesho yake akaja Fisi, akifuata harufu ile. "Hodi! Hodi!" Wala hakungoja karibu. Akapita mpaka chumba cha nyuma, akavuta nguo aliyofunikwa Mashavu, fyuu!

"Hee! Choa! Choa hiki!" Akacheka kwekwekwe. "Kesho barazani, Bi Pimbi. Leo mlishe vizuri, eh? Mlishe ashibe."

Bi Pimbi afanyeje? Akimbie? Fisi angewanusa kabla hawajafika mtoni. Apigane? Kwa meno gani? Akamkumbatia mwanawe, akawaza na kuwazua mpaka akapata la kufanya.

Kulipokucha mji mzima ulikuwa barazani. Mara wakasikia vigelegele! Bi Pimbi huyo anakuja akicheza, Mashavu kambeba mgongoni, madoa yote wazi.

"Una wazimu?" akanguruma Jumbe Nyati. "Unachezea msiba wako?"

"Msiba gani, Jumbe wangu? Hamjui mnachokiona? Hizi ni pete za enzi! Bibi yangu alinisimulia. Kila baada ya vizazi vingi pete huota mwilini mwa mtawala wa kweli. Mwenye pete nyingi ndiye mkubwa wa wote. Leo naona mtawala ni mwanangu. Mpisheni kiti!"

Jumbe akakitazama kiti chake. Fisi akakitazama kiti cha Jumbe.

"Ngojeni!" Fisi akaruka. Akaitupa kofia chini, pu! "Na mimi ninazo! Tazameni kichwa hiki! Tatu kubwa!"

"Za kwangu ziko tumboni," akasema Mzee Ngiri, akalala chali kuzionyesha.

"Nyamazeni, vidudu nyie!" Jumbe akaivua shuka yake, akageuka huku na huku mbele ya raia. Mgongo wote ulikuwa madoa, moja juu ya jingine. "Nani mwenye nyingi kunishinda mimi?"

"Hakuna, Jumbe wangu, hakuna!" Bi Pimbi akapiga makofi. "Lakini mwanangu kazipata juzi. Wewe je?"

"Mimi? Mimi nilianza! Tangu masika ya mwaka juzi!"

"Na mimi nikafuata," akadakia Fisi, "wakati wa baridi, uliponiazima shuka yako!"

Hapo Bi Pimbi akaacha kucheza.

"Mmesikia, jamaa zangu? Hakuna pete za enzi. Nimewadanganya. Hicho ni choa, na kimetoka kwenye shuka hii tunayowaviringishia watoto wetu. Wakubwa hawa wanawaambukiza, halafu wanawatupa."

"Uongo!" Jumbe alipiga kelele, lakini alikuwa uchi mbele ya mji mzima, na kila mwenye macho aliona.

Mbweha akainuka polepole, akamwendea Fisi mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Mwanangu alipokelewa na shuka hiyo," akasema. "Niambie neno moja tu. Ulipomshukia, alikuwa ameshakufa, au alikuwa bado ananiita?"

Fisi akatazama chini. Wanyama wakamjia kwa pembe na kwato. Alikimbia akichechemea mpaka nyikani, na mjini hakurudi tena.

Jumbe alipoona hayo, kwa aibu aliiteketeza shuka kwa mkono wake mwenyewe, kisha yeye na Ngiri wakaketi uani kwa Bi Pimbi kuoshwa mwarobaini, wakiguna kama watoto. Hakuna aliyewacheka. Shimo lilifukiwa, nao waliolifukia walikuwa wakilia.

Mashavu alipoanza kuota manyoya, Mbweha alikuja. "Nipe nimpakate kidogo, shoga."

"Bado," akasema Bi Pimbi. "Manyoya huwahi kurudi kabla choa hakijaisha. Subiri."

Mbweha akasubiri. Kila siku alikuja akakaa mlangoni, bila kugusa, mpaka siku Bi Pimbi alipomtoa Mashavu nje akiwa mzima, akamweka mapajani mwa jirani yake. Mbweha akamkumbatia, akalia kilio cha mwanawe, ambacho hakuwahi kuruhusiwa kulia.

Basi shikeni hili, watoto: mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo chenyewe huwa cha mtoto wa mwenziwe.