Tende Elfu Tisa Mia Tisa Sabini na Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Pemu, alitawala Sultani Shekuwe, mtu karimu mno, na ukarimu wake kila mtu aliujua kwa kuusikia, maana wa kuuona hakupatikana. Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, akanadi kwamba ameweka tende ghalani kwa ajili ya mafukara wa mtaa wa Mkwajuni, nyumba thelathini na sita. Sharti lake likawa dogo tu: atakayezigawa mafungu sawasawa, mangapi ayatakayo, bila ya kukata, kuzidisha wala kubakisha hata moja, azichukue zote akampe amtakaye.

Basi tende zilikuwa elfu tisa mia tisa sabini na tatu. Namba hiyo haikudondoka mbinguni. Sharifu Aidarusi, mwanachuoni wa Sultani, aliitafuta miezi mitatu kwa mshahara mnono.

"Hii ni namba tasa, maulana," alimwambia bwana wake. "Haizai mafungu."

Watu wa Mkwajuni wakagawa, zisigawike. Kwa mbili ikabaki moja, kwa tatu ikabaki moja, kwa saba zikabaki tano. Kwa nyumba zao thelathini na sita ikabaki moja tu, na kwa hiyo moja wakarudishwa mikono mitupu. Sultani akasikitika sana, akaagiza sahani nyingine ya halua.

Mbwarahaji, fukara wa mtaa huo ambaye watu walimhesabu punguani, alimwona jirani yake Bi Mwanaesha akirudi analia, kwa kuwa alikuwa na wajukuu watano na hana cha kuwafuturisha. Jambo hilo likamuuma. Kesho yake akaenda barazani.

"Sharifu," akauliza, "mimi mjinga, nifahamishe. Namba hii haigawiki kabisa?"

"Haigawiki," akajibu Sharifu kwa maringo, "ila kwa yenyewe na kwa moja."

"Kwa moja hubaki nini?"

"Hakibaki kitu. Hilo hata wewe walijua."

"Basi mimi nazigawa kwa moja. Fungu ni hili, nami nalichukua. Maulana, sikukata, sikuzidisha, sikubakisha."

Sultani akakunja uso. "Nilisema yawe sawasawa. Hilo litakuwa sawa na lipi?"

"Ulisema mangapi nitakayo, maulana. Nionyeshe fungu lililolizidi hili, nami nichapwe."

Baraza zima likamtazama Sharifu, na Sharifu akakiri kuwa hesabu ni sahihi. Sultani alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, ikawa hana budi kufungua ghala.

Mbwarahaji akatwaa tende moja, akaila pale pale, akasema ni tamu. Zilizosalia hazikuwa tasa tena, kila nyumba ikapata mia mbili sabini na saba. Bi Mwanaesha na wajukuu wake wakafuturu tende tisa kila siku kwa siku thelathini, zikabaki saba za asubuhi ya Idi.

Ama Sharifu, aliamriwa atafute namba isiyogawika hata kwa moja, na asipewe mshahara mpaka aipate. Wapitao dirishani pake humsikia bado anahesabu, kwa sauti ya mtu ambaye hajafuturu.