Kondoo Mwenye Maini Mawili

Jumbe Kangero alipomtamani kondoo wa mkia mnono wa mjane Namkunda, hakuomba, aliagiza.

"Mchinje, wanunuzi wa kondoo wangu wanakuja kula. Ini niletee mimi kwanza, kama ilivyo desturi."

"Desturi haivunjwi, Jumbe."

Asubuhi Namkunda alileta ini kwenye sinia, pua kaiziba kwa kanga. Lilijaa minyoo bapa kama majani. Wanunuzi walisukuma sinia mbali.

"Nenda kafukie mzoga wako wote!" alifoka Jumbe.

Jioni Jumbe alimkuta Namkunda akitafuna ini la kuchoma, laini.

"Kondoo wako alikuwa na maini mawili?"

"Moja tu, hili. Lile ni la kondoo wako aliyekufa kwa minyoo, mkamtupa bondeni jana. Niwaambie wanunuzi, Jumbe, au nikukatie kipande?"