Gwaride la Simba Mstaafu

Mvua ilikataa kunyesha Nyika ya Mlembo misimu miwili mfululizo. Nyasi ziliisha, na wanyama vijana wakahama kufuata malisho. Waliwaacha wazazi wao wakongwe kwenye makao ya wazee kilimani, wakawa wanawatumia nyama na mihogo kila wiki. Msimamizi wa makao hayo alikuwa Fisi. Msiulize nani alimchagua. Alijichagua mwenyewe, na hakuna mzee aliyekuwa na nguvu za kubisha.

Fisi alikuwa na huruma ya kupita kiasi. "Lala, babu, usijichoshe," alikuwa akisema. "Jiko liko mbali, ukitembea mifupa itasagika. Chakula nitakuletea hapo hapo ulipo." Na kweli alikileta, ila kilipofika kitandani kilikuwa kimepungua sana njiani.

Aliyeumia zaidi ni Simba, mfalme mstaafu. Tangu aletwe pale hakuwa ameshusha mguu kitandani. Mbavu zilimtoka, manyoya ya shingo yakapukutika, na alijua fika kwamba akiendelea hivyo atafia kwenye shuka zile. Lakini miguu yake ilitetemeka, na kulikuwa na jambo moja aliloliogopa kuliko kifo: kuanguka mbele ya wenzake, hasa mbele ya mzee Ngiri, ambaye zamani alikuwa akitimka akimwona.

Siku moja akaletwa Sungura. Naye alikuwa amezeeka na mgongo ulimsumbua, ila akili haikuwa imestaafu. Alipopewa muhogo wake aliugeuzageuza.

"Bwana Fisi, mbona muhogo huu una alama za meno?"

"Nilikuwa nauonja chumvi, mzee wangu."

Sungura akautafuna uliobaki. Kesho yake alipita kitanda kwa kitanda akiwahimiza wenzake wafanye mazoezi kidogo. Bibi Nyumbu akakubali. Mzee Ngiri naye akakubali huku akilalamika. Simba akanguruma.

"Mazoezi ni ya wenye vitambi! Mimi nimetawala nyika nzima."

Sungura aliiona ile miguu ikitetemeka chini ya shuka, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata akarudi, akapiga saluti mlangoni.

"Mtukufu, gwaride limejipanga. Linasubiri kukaguliwa."

"Gwaride gani?" Simba akainua kichwa.

"La heshima yako. Nyumbu na Ngiri wako nje."

"Waje hapa kitandani niwakague."

"Gwaride halikaguliwi kitandani, Mtukufu. Lakini kama umechoka, hakuna neno. Nitamwomba Fisi akague."

Fisi! Simba alishusha mguu kabla hajajua ameushusha.

Siku hiyo alifika kizingitini tu, ameshika ukuta. Siku zilizofuata alimkagua Nyumbu mlangoni, kisha Ngiri chini ya ngazi, kwa kuwa kila kukicha Sungura alimsogeza askari wa mwisho mbele kidogo. Simba akasahau kabisa habari za kutetemeka. "Ngiri, tumbo ndani! Bibi Nyumbu, goti juu, juu zaidi!" Wazee wakainua magoti, wakahema, wakacheka mpaka machozi. Usiku walilala fofofo, na walipoamka walikuwa na njaa ya kweli.

Njaa hiyo ndiyo iliyomtia Fisi wasiwasi. Akamwendea Simba faraghani, akamwinamia sikioni.

"Babu, naona hata aibu kukuambia. Lile si gwaride. Ni yale yale mazoezi uliyoyakataa. Sungura anakuchezea kama mtoto, na wote wanajua isipokuwa wewe."

Simba alihisi uso unamwaka moto. Akageukia ukutani, akajifunika gubigubi. Sungura alipokuja na saluti yake alifukuzwa. Bibi Nyumbu alibisha hodi, hakujibiwa.

Mchana Fisi akaleta chakula: mfupa mweupe, umelambwa ukalambika. "Pumzika, babu," akasema, akaenda zake akipiga mluzi.

Simba aliutazama ule mfupa. Aibu ilikuwa bado inamuuma, lakini sasa kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Sungura alimdanganya, naye akasimama. Fisi amemwambia kweli, naye amelala na mfupa mtupu. Sasa rafiki yake hasa ni yupi?

Akatupa shuka, akatoka. Safari hii hakukuwa na gwaride wala saluti. Alishuka ngazi peke yake, akafika katikati ya uwanja, na pale, mbele ya Ngiri kabisa, akateleza akaanguka puu!

 Simba akafumba macho kusubiri kicheko.

"Inuka, mzee mwenzangu," akasema Ngiri, akimpa bega. "Mimi jana nilimwangukia Bibi Nyumbu, akanisema mpaka jioni."

Wakaongozana wote hadi jikoni. Fisi alikuwa ameikumbatia sufuria, mashavu yamejaa, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Alipowaona wazee wamesimama mlangoni kwa miguu yao wenyewe alidhani anaota. Kisha akaruka dirishani. Lakini kwa shibe aliyokuwa nayo hakufika mbali. Getini pumzi zilimwishia, akakaa chini akihema, na wazee wakamfikia wakitembea taratibu huku wakizungumza.

"Funguo za ghala," akasema Simba.

Fisi akazitoa. Simba akamfungulia geti, na Fisi akaondoka akilikokota tumbo lake. Hakuonekana tena kilimani pale.

Wazee wakala pamoja jikoni. "Kumbe ni hapa tu!" Bibi Nyumbu akashangaa. "Tuliambiwa ni mbali, tukalala, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kuangalia."

Simba alikuwa akitafuna. Akafuta mdomo, akamgeukia Sungura.

"Gwaride kesho ni saa ngapi?"

Sungura akajikuna sikio kwa haya. "Mtukufu, kuhusu lile gwaride... nilitaka nikueleze..."

"Najua lilikuwa nini. Nimekuuliza saa ngapi."