Kilima cha Ighuka na Mashine ya Mwakani

Mashine ya mwakani haichapi barua ya leo. Mmelisikia neno hilo kwenye mkutano, na sasa mnauliza lilitoka wapi. Si neno la kale. Waliokuwapo lilipozaliwa bado wanakula ugali wao hapa hapa Ighuka. Chanzo chake ni hiki.

Kile kilima mnachokiona kimezungushiwa mabati ya buluu kilikuwa cha wapondakokoto, akina mama mia mbili na zaidi, na katibu wao alikuwa Yasinta Ntandu. Yasinta aliishia darasa la saba, ila alikuwa hasahau. Ungemwuliza ni lini ofisi ya halmashauri iliahidi kuwapimia eneo lao, angekutajia siku, na rangi ya shati la aliyeahidi.

Wanawake wale walikuwa na desturi moja. Hakuna aliyeinua nyundo juu ya jabali jipya kabla Bibi Sumwa hajalisoma. Bibi aliligonga kwa kinyundo kidogo, akategesha sikio, akagonga tena, ndipo akasema, "Litapasukia hapa." Mpaka aseme, wote walingoja, hata kama ni nusu siku. Mmoja aliwahi kukosa subira, na kibanzi kikamtoa jicho. Kwa hiyo kungoja neno la msomaji kulikuwa kumeingia kwenye damu yao.

Mwezi wa tisa likabandikwa tangazo. Kilima kinapewa mkandarasi. Mwenye pingamizi alete barua kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, yenye majina ya wote, na iwe imechapwa. Hilo la kuchapwa halikuwekwa bure. Mara tatu huko nyuma Yasinta alipeleka barua za mkono, na mara tatu zilirudishwa kwa madai kwamba mwandiko hausomeki. Mwandiko ule ule ulisomeka vizuri sana siku ya kuorodhesha akina mama wa kumwimbia mgeni rasmi.

Duka la kuchapa lilikuwa moja tu. Mwenye duka aliisoma barua hadi mwisho, akairudisha kwa vidole viwili. "Dada Yasinta, karatasi zote za ofisi ile nachapa mimi. Unataka nikale wapi?"

Basi kikundi kikaamua kinunue laptopu yake chenyewe. Mwalimu mstaafu Mghwai alikuwa akiuza ya kwake pamoja na printa: nyeusi, nzito, bawaba moja imevunjika, na herufi M mpaka uikandamize kwa ukucha. Lakini ilikuwa inachapa.

Kabla ya kuinunua wakamwita Elibariki, fundi wa kompyuta pale stendi, aliyesifika kwa kutabiri. Alisema laptopu zijazo hazitakuwa na mlango wa sidii, watu wakamcheka, zikaja hazina. Alisema chaja zitakuwa na kichwa kidogo kama cha simu, zikaja hivyo hivyo. Mji mzima ulikuwa haununui mpaka umsikie.

Elibariki akaigeuza laptopu ya mwalimu chini juu. "Mama zangu, huyu ni marehemu anayepumua. Toleo linalokuja mtasema nalo Kiswahili, litaandika lenyewe. Betri itakaa kutwa nzima bila umeme. Mama Yasinta, majina yako yote hayo hutayabonyeza. Utayasoma tu, kama padri anavyosoma majina ya marehemu kwenye misa ya Novemba."

Wakacheka. "Linakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi wa kumi. Likichelewa sana, mwanzoni mwa kumi na moja."

Wakangoja. Tena Yasinta ndiye aliyengoja kwa moyo kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na nyundo, na aliona aibu kuviweka juu ya vile vitufe vidogo mbele ya watu. Mashine ya kusikiliza aliitaka kama mgonjwa anavyotaka usingizi.

Katikati ya Novemba walikutana tena, na Elibariki akaja mikono mitupu. Bibi Sumwa akasogeza kigoda chake.

"Mjukuu wangu, hilo jiwe lako liko wapi?"

"Si jiwe, Bibi. Liko kiwandani."

"Umeligonga?"

"Haligongwi. Najua dalili zake. Subirini wiki moja tu."

"Mimi nasoma jabali lililo mbele yangu," Bibi akasema. "Lililo bado tumboni mwa mlima sijawahi kulisoma, wala sijawahi kumzuia mtu nyundo kwa ajili yake. Nunueni ile ya mwalimu."

Mmoja akadakia, "Bibi, huo wivu sasa! Umepata msomaji mwenzio!" Kicheko kikatanda. Yasinta, ambaye ndiye aliyepaswa kugonga meza kurudisha utulivu, akabaki kutazama vidole vyake. Wakaendelea kungoja.

Jumanne ya wiki ya mwisho alikwenda mbio kwa Mwalimu Mghwai. Laptopu na printa vilikuwa vimeshauzwa, viko Manyoni. Akarudi, akaketi, akaandika kwa mkono siku tatu mfululizo, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule, kila jina mstari wake. Ijumaa saa saba alikuwa dirishani kwa karani.

"Imechapwa?"

"Soma, mwanangu. Inasomeka."

"Mama, nimeuliza kama imechapwa."

Jumatatu mabati ya buluu yalishushwa kilimani.

Wiki ya pili ya Januari Elibariki alimkuta Yasinta uani kwake akichambua mchicha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe kuwa nyumbani asubuhi ya siku ya kazi. Elibariki alikuwa na laptopu mpya, nyembamba kama sinia. Hakuja kwa ubaya. Mji ulikuwa umemzomea mwezi mzima na zaidi, naye alitaka mtu mmoja tu amtakase.

Akaifungua juu ya kigoda. "Sema chochote, mama. Sema, uone kama nilidanganya."

Yasinta akapangusa mikono. Akaisogelea mashine, akasema sentensi moja, polepole, kama anayemsomea karani. Maneno yakajipanga kwenye kioo bila kosa hata moja. Hata M zote zilikuwapo.

"Hukudanganya," Yasinta akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Elibariki aliupeleka mstari ule dukani kwake, akauchapa kwenye karatasi, akaubandika ukutani, na hajaubandua hadi leo. Hiyo ndiyo barua pekee ya wapondakokoto wa Ighuka iliyowahi kuchapwa: Mashine ya mwakani haichapi barua ya leo.