Mkoba Usiotua

Mkoba usiotua humbeba mwenyewe. Maneno hayo mmeyasikia leo kwa mama yenu, mkacheka, kisha Tunu akaniuliza, "Bibi, mkoba humbebaje mtu?" Nimeona kwamba Tunu hakucheka kama wenzake, na sababu yake naijua. Wiki ya tatu sasa anatazama mkoba mmoja kwenye simu yake, mkoba wenye jina la fundi wa Ulaya, ambao bei yake ingelisha nyumba hii mpaka mavuno. Anaufungua, anautazama, anashusha pumzi, anaufunga. Kesho anaufungua tena.

Sogeeni basi. Chanzo cha maneno haya ninakijua vizuri, maana yalitoka kinywani mwa dada yangu, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Dada yangu aliitwa Mwamvua binti Sadiki. Tulikaa hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na mama yetu, baada ya baba kufariki. Mwamvua alisoma, akapata kazi ya kupiga chapa barua za ofisi, na katika mtaa wetu hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya kazi ya namna hiyo kabla yake. Asubuhi alipotoka, wanawake walisimama milangoni kumtazama. Alivaa gauni lililopigwa pasi, viatu vya kufunga, na mkononi alishika mfuko wa kitambaa alioshonewa na mama kutokana na mapazia ya zamani. Ndani yake mlikuwa na kalamu, kitambaa cha mkono na chakula cha mchana.

Njia yake ya kazini ilipita mbele ya duka la Bwana Jivan. Siku moja Bwana Jivan aliweka mkoba ndani ya kabati la kioo. Ulitoka Italia. Alikuwa amemwagizia binti yake, lakini binti akaolewa mbali kabla mkoba haujafika, akasema huko aliko anayo mingine. Ulikuwa wa ngozi, rangi ya karanga iliyokaangwa, na kifungo chake cha shaba kilikuwa kikifunga kwa mlio mmoja mdogo, tak, kama mtu anayemaliza maneno yake. Pembeni palichorwa jina la fundi kwa herufi ndogo sana.

Mwamvua alisimama pale siku ya kwanza akachelewa kazini. Siku ya pili akatoka nyumbani mapema ili asimame bila kuchelewa. Ikawa hivyo miezi saba.

Msidhani alikuwa mtu wa makuu. Usiku tulilala kitanda kimoja, naye alinieleza. Alipokuwa mtoto alimwona mke wa mkuu wa stesheni akiingia hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, mama yetu alikuwa amesimama tangu alfajiri akiwa na hela zake kwenye pindo la khanga. Yule mama akaingia na mkoba wake mkononi, na watu wakampisha. Hakusema neno. Hakusukuma mtu. Watu walimpisha tu, wakanyamaza. "Nilitaka kujua kuna nini mle ndani," Mwamvua aliniambia. "Mpaka leo nataka kujua." Kisha akageukia ukutani, nami nikajua hajalala.

Bei ya mkoba ule ilikuwa mshahara wake wa miezi mitano. Alijua hivyo, na mama alijua, na mtaa mzima ulijua. Siku alipoitaja nyumbani, nilidhani mama atafoka. Mama alikuwa anachambua karanga. Akazisukuma kando, akasema, "Nunua."

"Mama!"

"Nunua, mwanangu. Mimi nilitamani redio miaka kumi na sita. Kila mwaka nikasema mwaka ujao. Sasa masikio yenyewe yameanza kunikimbia. Nunua, nami nitakwenda nao msikitini siku moja, watu wanione."

Kwa hiyo msije mkasema wazee wanakataza. Mama yangu hakukataza.

Ijumaa moja Mwamvua aliingia dukani. Bwana Jivan alikuwa amemwona kwenye kioo miezi yote hiyo, akawa hana haja ya kuuliza shida yake. Akafungua kabati, akautoa mkoba, akauweka mikononi mwake. Mwamvua alisema harufu ya ile ngozi ilimpanda mpaka machoni.

"Sijaamua," akasema.

"Kwenye kioo huwezi kuamua," Bwana Jivan akamjibu. "Chukua leo, kaa nao. Jumatatu asubuhi lete jibu. Ukiupenda, tutapanga malipo. Usipoupenda, rudisha bila doa wala mkwaruzo, hatudaiani chochote. Nakufahamu, nilimfahamu na baba yako."

Akatoka nao. Ijumaa ile, alisema, ilikuwa siku tamu kuliko siku zote alizokuwa ameishi. Ofisini mkubwa wake, ambaye kwa kawaida alimsalimu bila kuinua kichwa, aliinua kichwa. Wasichana wa chumba cha pili walikuja kuugusa kwa ncha za vidole. Alipofunga kile kifungo, tak, kila mtu alisikia.

Lakini sakafu ya ofisi ilikuwa ya saruji yenye vumbi, na meza ilikuwa na wino, kwa hiyo akaupakata. Akapiga chapa siku nzima akiwa ameupakata, mabega yamekakamaa. Mchana wenzake walikwenda kula mishikaki uani, yeye akasema hana njaa, kwa sababu ya mafuta. Jumamosi alikwenda sokoni nao. Mvua ikanyesha ghafla. Mwamvua alivua mtandio kichwani akaufunika mkoba, akarudi nyumbani nywele zinachuruzika. Tulicheka sana siku ile. Yeye mwenyewe alicheka. Mama akamletea uji wa moto, akauliza, "Haukulowa?" Akasema, "Haukulowa." Wote tukafurahi.

Usiku ule alikuwa ameamua kununua. Aliniambia hivyo, nami nikamwamini.

Sasa kuna mtu mwingine lazima niwajulishe. Mwamvua alikuwa na rafiki aliyeitwa Havijawa. Walizaliwa nyumba zinazotazamana, wakasoma dawati moja, wakasukana nywele, wakashonewa magauni ya kitambaa kimoja siku ya Idi. Havijawa aliolewa na fundi wa reli, akahamia Mpanda. Miaka minne hawakuonana. Barua zilikuja, halafu zikapungua, si kwa ugomvi, ni maisha tu. Lakini Mwamvua alipokuwa akisonga ugali peke yake jikoni, mara nyingine nilimsikia akicheka, na nikimwuliza, ananiambia jambo ambalo Havijawa alilisema wakiwa na miaka tisa.

Wiki ile tulikuwa tumepata habari mbaya. Mume wa Havijawa alikuwa ameugua siku chache na kufariki. Wamemzika huko huko, na Havijawa anarudi kwao na mtoto wa miezi minane. Treni ingefika Jumapili asubuhi. Wazazi wa Havijawa walikuwa wamekwisha kufa, na kaka yake alikuwa safarini. Wa kumpokea alikuwa Mwamvua.

Alikwenda na mkoba. Mama alimwambia auache, kisha akasema haya, nenda nao, chumba chenyewe hiki hakina hata kufuli. Mimi nilibaki kupika.

Treni ilichelewa kwa muda wa saa tatu. Mwamvua alisimama muda wote huo, kwa sababu benchi la stesheni lilikuwa na matope ya viatu vya watu. Karibu naye alisimama mwanamke mmoja muuza asali, mtu mzima, mgeni kabisa kwake, na beseni lake la chupa kichwani. Jukwaa lilikuwa limelowa mvua ya jana, na mapipa ya mawese yaliyotoka Kigoma yalikuwa yamevuja, kwa hiyo chini palikuwa na maji mekundu yanayong'aa.

Treni ikaingia. Watu wakamwagika. Mwamvua akatafuta uso anaoujua, akaupata kwenye mlango wa behewa la tatu, na alisema alitaka kupiga kelele kwa furaha, kisha akakumbuka ni msiba. Havijawa alikuwa amekonda. Khanga yake ilikuwa na matapishi ya mtoto begani. Alikuwa na kifurushi kichwani, mtoto mkononi, na mkono wa pili ameshika chuma cha mlango ili asianguke. Ngazi ya behewa ilikuwa juu sana. Nyuma yake watu wanamsukuma.

"Mwamvua!" akaita. "Nipokee mtoto!"

Mwamvua akasogea. Mikono yake miwili ilikuwa na mkoba. Akatazama chini, akaona yale mawese. Akatazama benchi. Akajaribu kuupandisha begani, lakini ule ulikuwa mkoba wa mkononi, mshikio wake mfupi, haupiti kwenye kiwiko. Mtoto alikuwa amelowa, analia, amenyoosha vidole.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo tu."

Dada yangu alisema lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Alisema huenda lisingefika hata hesabu ya kumi. Lakini yule muuza asali hakungoja. Alishusha beseni lake akalitua pale pale kwenye matope na mawese, chupa zikalia, akainua mikono akampokea mtoto, akamweka kifuani. Halafu akampa Havijawa mkono wake wa pili. Havijawa akashuka, na mguu ulipogusa chini, nguvu zikamwishia. Alimwangukia yule mama asiyemjua, akaweka uso shingoni mwake, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia Mpanda, maana huko alikuwa ugenini na alikuwa anajikaza. Alilia kwa sauti mpaka makuli wakasimama. Yule mama akawa anamwambia, "Lia, mwanangu. Umefika. Lia."

Mwamvua alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alisimama na mkoba wake, hauna hata doa.

Njiani Havijawa hakumlaumu. Alimshika mkono, akamwuliza habari za mama, akamwuliza habari zangu. Walipofika karibu na nyumbani akasema, "Mkoba mzuri huo, Mwamvua." Naye alisema kwa moyo safi kabisa.

Mwamvua akasema, "Si wangu."

Waliishi nasi miezi mingi, Havijawa na mwanawe. Mwamvua alimwogesha mtoto yule, akambeba mgongoni, akamfundisha kutembea ukumbini petu. Siku ile ya kwanza, baada ya chakula, aliuning'iniza mkoba kwenye msumari, akaketi mkekani karibu na rafiki yake, mikono mitupu, akangoja. Alidhani Havijawa atalia tena, ili safari hii amshike yeye. Havijawa alimwegemea, akalala usingizi. Hakulia. Siku zilizofuata alitokwa na machozi kama mjane yeyote, lakini kile kilio cha kufika nyumbani kilikuwa kimekwisha stesheni, kwenye bega la mtu mwingine. Miaka minne Mwamvua alikuwa amemsubiri. Aliniambia, akiwa mzee tayari, kwamba katika maisha yake alitamani vitu vingi, lakini hakuna alichokitamani kama kilio kile.

Jumatatu asubuhi alirudi dukani. Bwana Jivan akaukagua mkoba chini ya taa, juu, chini, ndani. Hauna kasoro.

"Kwa hiyo unachukua?" akauliza.

"Narudisha."

Bwana Jivan akashangaa kweli. "Una tatizo gani? Ngozi? Kifungo?"

"Hauna tatizo. Ni mzuri kuliko nilivyofikiri."

"Bei, basi. Tunaweza kuzungumza."

"Bei ningelipa," Mwamvua akasema. "Mwaka mzima ningelipa, nisingejuta. Lakini siku tatu nimeshindwa kuutua, Bwana Jivan. Sikupata pa kuutua. Niliutoa hapa nikidhani nitaubeba mimi. Mkoba usiotua humbeba mwenyewe."

Bwana Jivan aliuchukua mkoba. Akaurudisha kwenye kioo, akafunga. Maneno yale yalimkaa. Mteja aliposimama mbele ya kitu cha thamani na kusitasita, alimwambia, "Kuna binti mmoja wa Ng'ambo alisema hivi," hata akapoteza mauzo mengine. Wateja wakayapeleka sokoni, na sokoni hakuna neno linalolala. Leo watu wanayasema Urambo, Nzega na kwingineko, na hawajui kuwa kuna mtu aliyeyalipia.

Tunu, sijamaliza, usinitazame hivyo. Usifikiri dada yangu aliondoka dukani akiwa mwepesi. Aliendelea kupita njia ile ile. Aliendelea kuutazama. Siku moja akakuta nafasi ni tupu. Mkoba umenunuliwa, na Bwana Jivan hayupo kumweleza ni nani. Alirudi nyumbani akaketi, hakutaka kula. Nilimwambia, "Si ulikataa mwenyewe?" Akanijibu, "Kukataa si kuacha kupenda." Mpaka uzeeni, akisikia kitu kinafunga kwa mlio ule, alikuwa akigeuka.

Kwa hiyo sikukatazi. Huenda wewe una mahali pa kuuweka ambapo dada yangu hakuwa napo. Huenda utaununua, uutupe kitandani ukitoka kazini, uuweke kwenye matope bila kufikiri mtu akikunyooshea mtoto. Ukiweza hivyo, ununue, mjukuu wangu, upendeze nao. Usipoweza, utazame tu, uumie kidogo, si vibaya. Lakini amua wewe, na kabla hujaamua, jiulize kama mkono wako utaweza kufunguka; kwa maana mkoba usiotua humbeba mwenyewe.